Mwangwi wa Vilima na Hekima ya Biti Ishirini na Sita

Katika nchi iliyo baina ya Musoma, Bunda na Butiama, ambako vilima vya mawe vimeinuka juu ya mashamba na Ziwa Viktoria limetanda hadi upeo wa macho, mawimbi yatokayo mnarani aghalabu hayamfikii mwenye simu kwa njia moja. Baadhi huja yamenyooka, baadhi hudunda juu ya maji, na baadhi hugonga mlima, mathalan ule wa Balili pale Bunda, ndipo yakafika yamechelewa kama mwangwi.

Simu ya GSM, ambayo ndiyo kitochi cha watu wengi, hupokea biti moja kila mikrosekunde 3.69, na katika muda huo wimbi hukata takriban kilomita 1.1; basi mwangwi uliozunguka kwa kiasi hicho huiangusha biti iliyotangulia juu ya ile inayofuata, na maneno yakavurugika ijapokuwa mnara una nguvu tele.

Mafundi wa Ulaya waliotunga mfumo huo wa GSM katika miaka ya 1980 walikubali hasara iliyo dhahiri, nami naiona kuwa ndiyo hekima yao kuu: katika kila fungu la biti 148, walitenga 26 zisizobeba neno lolote la msemaji, bali mfuatano ambao simu inaujua tangu awali. Simu huulinganisha mfuatano uliofika na ule inaoujua, ikabaini kila mwangwi umechelewa kiasi gani na una nguvu gani. Kisha, kwa njia aliyoieleza Andrew Viterbi mwaka 1967, hutafuta ni biti zipi ambazo, zikipita katika miangwi hiyo, zingetoa mchanganyiko ule ule uliopokewa. Nazo biti hizo 26 zimewekwa katikati ya fungu kwa makusudi, ili abiria aliye ndani ya basi liendalo kasi, ambaye njia ya mawimbi yake hubadilika kila mara, asiwe na biti iliyo mbali mno na kipimo.

Mwangwi wa maji ni maradhi mengine. Huo huchelewa kidogo mno, chini ya biti moja, hata simu isiweze kuutenga, na wimbi lake likikutana na lile lililonyooka, huenda yakafutana kabisa. Dawa yake ni kimo; ndiyo sababu mitambo inayorushiana mawimbi kuvuka maji hufungwa antena mbili, moja juu ya nyingine. Basi wewe mkazi wa ufukweni Musoma, ambaye mtandao unakukatikia ilhali mnara unauona kwa macho, jaribu kwanza kupanda jabalini kabla hujailaumu simu yako.