Ufundi wa Kugawa Bahati

Kabla joka halijatema moto na kabla mlango wa pango haujafunguliwa, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika huanza na kikaratasi. Juu yake yamepangwa maneno sita, moja chini ya jingine: Nguvu, Akili, Busara, Siha, Wepesi, Haiba. Mbele ya kila neno pana nafasi tupu. Mchezaji huchukua dadu tatu, huzitikisa kiganjani, huzimwaga mezani, hujumlisha nukta, kisha huandika namba: 3 ikiwa amekosa kabisa, 18 ikiwa amejaaliwa, na mara nyingi kitu cha katikati. Akifanya hivyo mara sita, mhusika amezaliwa. Kazi yote haichukui hata dakika kumi, ilhali namba hizo zinaweza kumfuata mtu kwa miaka, kila jioni atakapoketi mezani na wenzake. Ndiyo maana nauhesabu ufundi wa kutunga njia ya kuzipata namba hizo kuwa miongoni mwa kazi nzuri kabisa katika fani ya michezo, na miongoni mwa zile zilizonyimwa heshima yake. Anayetunga njia hiyo anagawa bahati. Haki ya mgawo wake naipima kwa maswali mawili: bahati hii itadumu muda gani, na itakuwa na uzito gani? Ikiwa nyepesi na ya kupita, na iende itakako. Ikishakuwa nzito na ya kudumu, jumla ya kila mchezaji inapaswa kulingana na ya mwenzake, na kura iachiwe kuamua sura ya fungu tu.

Tuanze na dadu zenyewe, maana hazina hila. Dadu tatu zina njia 216 za kuanguka. Katika hizo, 18 hupatikana kwa njia moja tu, na 3 vilevile. 10 ina njia 27, na 11 ina 27 nyingine. Wastani ni 10.5. Kwa hiyo kila alama peke yake huvutwa katikati, kama maji yanavyotafuta bonde, na aliyebuni kutumia dadu tatu badala ya moja alijua anachokifanya: alitaka watu wa kawaida wawe wengi na mashujaa wawe adimu. Lakini mhusika ana alama sita, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Jumla ya alama sita kwa wastani ni 63, ila mtu mmoja mmoja huachana na wastani huo kwa alama saba hivi, juu au chini. Waweke wachezaji wawili meza moja, na kwa kawaida jumla zao zitapishana kwa alama kama 8. Waweke wanne, na kati ya aliyebahatika zaidi na aliyekosa zaidi patakuwa na pengo la karibu alama 15. Hakuna aliyedhulumiwa kabla ya dadu kumwagwa, kwani wote walikuwa na nafasi ileile. Baada ya kumwagwa, mmoja ana fungu na mwingine ana makombo. Ubishi wote kuhusu haki katika jambo hili umekaa katikati ya nyakati hizo mbili.

Hata hivyo sitawalaumu waliotangulia. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974, nakala 1,000 za kwanza kutoka mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kanuni yao ilikuwa dadu tatu, alama kwa alama, bila kuchagua ipi iende wapi. Tena si mchezaji aliyezirusha, alizirusha mwamuzi, yaani anayeuongoza mchezo. Ukisoma kanuni hiyo kwa macho ya leo utaiona kali. Isome ndani ya nyumba yake, nayo ni ya haki. Katika vijitabu vile vya kwanza, Nguvu ya 18 haikumsaidia mpiganaji kupiga kwa shabaha zaidi wala kuumiza zaidi. Ilimwongezea tu kasi ya kukusanya pointi za uzoefu, kwa asilimia 10. Siha na Wepesi zilitoa msaada mdogo, wa pointi moja hapa na pale. Na wahusika walikufa upesi. Aliyepewa fungu bovu leo angeweza kuzikwa kabla ya usiku kwisha, akarudi na mwingine aliyeandikwa kwa dakika chache. Bahati ilikuwa nyepesi na maisha yake mafupi, ikizunguka mezani kama kata ya maji mtungini: leo kwako, kesho kwa jirani.

Kilichoiharibu haki hiyo ni uzito. Kitabu cha nyongeza kilichoitwa Greyhawk, cha mwaka 1975, kilianza kumlipa mpiganaji mwenye Nguvu kubwa kwa shabaha na kwa madhara ya pigo. Mwaka 1978 kitabu kipya cha wachezaji kilifanya alama kuwa milango: aliyetaka kuwa paladini, yaani shujaa mtakatifu, alihitaji Haiba isiyopungua 17, namba ambayo dadu tatu huifikia kwa njia 4 tu kati ya 216. Mwaka 1979 Gygax mwenyewe alikiri, katika kitabu cha waamuzi, kwamba dadu tatu huzaa wahusika dhaifu wanaokufa mapema na kuwakatisha tamaa wageni, akapendekeza njia nne mbadala. Iliyopendwa kuliko zote, na ambayo bado inatumika, ni ya kurusha dadu nne na kuondoa iliyo ndogo. Naipenda njia hii kwa jinsi inavyofurahisha mkono. Ile dadu ya nne inayosukumwa pembeni ina ladha ya msamaha. Wastani unapanda kutoka 10.5 hadi 12.24, na 18 inapatikana mara tatu na nusu zaidi ya zamani. Lakini tazama pengo. Kati ya wachezaji wanne, aliye juu na aliye chini bado wanapishana kwa alama 14 hivi. Njia hiyo imewainua wote pamoja, maskini na tajiri, na umbali kati yao umebaki karibu uleule. Kisha mwaka 2000 toleo la tatu la mchezo likaweka mpango mmoja kwa alama zote sita: kila alama mbili juu ya 10 huleta nyongeza ya 1 katika dadu yenye nyuso 20 inayorushwa kila mhusika anapojaribu jambo. Nyongeza ya 1 ni asilimia 5 ya nafasi ya kufaulu. Mwenye 18 na mwenye 12 wanatofautiana kwa asilimia 15 katika kila jaribio, jioni baada ya jioni, katika kampeni, yaani hadithi moja ndefu, inayoweza kudumu miaka mitatu. Bahati ya dakika kumi imegeuka kuwa urithi.

Dawa iliyo wazi ni kuiondoa bahati kabisa na kumwachia mchezaji anunue alama zake. Wazo hilo nalo ni la zamani. Mchezo mdogo wa Melee wa Steve Jackson ulimpa mchezaji pointi za kugawa mwenyewe tangu mwaka 1977. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, kila anayechagua kununua ana pointi 27. Alama zote huanza 8. Kupanda hatua moja hugharimu pointi 1 mpaka ufike 13, kisha 14 inagharimu pointi 2 na 15 pointi 2 nyingine, na hapo ndipo dari. Kuna ufundi mkubwa katika bei hiyo inayopanda, kwani anayetaka kilele lazima akilipie kwa udhaifu mahali pengine. Asiyetaka hesabu anapewa fungu lililokwisha kupangwa, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, ambalo ukilipigia hesabu linagharimu pointi 27 kamili. Zaidi ya hapo, ukirusha dadu nne kwa ile njia ya 1979 na kuzipanga alama sita kutoka kubwa hadi ndogo, wastani wa kila nafasi hautofautiani na fungu hilo kwa zaidi ya alama moja. Waliolitunga waliikamua bahati mpaka ikatoka maji yake yote, wakabakiza kiini. Kazi safi.

Ila kununua kuna dhuluma yake, iliyofichika zaidi. Kunamlipa mjuzi. Mgeni aliyeketi mezani kwa mara ya kwanza hajui kwamba 13 katika mchezo huo haina nyongeza kubwa kuliko 12, wala hajui mpiganaji anaweza kuitupa Haiba mpaka 8 bila kujuta sana. Mzoefu anajua yote hayo. Pointi zao ni sawa, mizani yao si sawa. Na hasara nyingine ni ya sanaa: mpiganaji wa meza hii anafanana na mpiganaji wa meza ile, wote wana misuli, wote wana siha, wote hawana la kusema mbele ya mfalme. Mpiganaji mwenye busara kuliko nguvu hatazaliwa kwa kununuliwa, kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu atakayemnunua. Kura ilikuwa na kipawa hicho, cha kumletea mtu mgeni asiyemtarajia na kumtaka amkaribishe.

Wapo watakaosema haki haina nafasi hapa, kwa kuwa wachezaji hawashindani. Katika bao kuna kete 64, na kila mmoja ana 32, kwa sababu wanaocheza ni mahasimu na mmoja lazima afungwe; katika mchezo wa kuigiza wote wako upande mmoja, basi mwenye nguvu na amkinge asiye nazo. Hoja hiyo ina ukweli, na mwamuzi hodari anaweza kumpa mnyonge nafasi ya kung'aa. Lakini wanachogawana watu hawa ni zamu ya kuwa mtu wa maana katika hadithi. Anayefaulu mara kwa mara ndiye atakayefungua mlango, atakayemwangusha adui, atakayetajwa wanapoagana. Anayekosa kila mara huanza kukaa kimya, na kimya hicho mezani huonekana. Wengine watasema maisha yenyewe hayana usawa, na shujaa dhaifu hutoa hadithi nzuri. Naam, hutoa, na baadhi ya wahusika wa kupendeza kabisa ni wale wenye alama moja ya aibu. Udhaifu wa namna hiyo unapendeza ukiwa na kitu cha kuufidia. Alama sita mbovu kwa mtu mmoja, na sita nono kwa jirani yake, humpa mmoja hadithi na mwingine kazi ya kuisikiliza.

Njia ninayoisifu kuliko zote inahitaji karata. Chukua kopa, uru na shupaza, na katika kila aina toa ree hadi 6, ree ikihesabiwa 1. Una karata 18. Zichanganye, zigawe mafungu sita ya karata tatu tatu, na kila fungu ni alama moja. Jumla ya karata zote ni 63, ambayo ni ule wastani wa dadu tatu mara sita, na haiwezi kuwa vingine hata ukigawa usiku kucha. Karata ikishatoka haipo tena. Ukipata ndogo mwanzoni, kubwa bado ziko mkononi mwa mgawaji zinakungoja. Wanaocheza upatu wanaijua haki hii vizuri. Majina huandikwa kwenye vikaratasi, bakuli hutikiswa, na kura huamua nani apokee mwezi gani. Kiasi atakachopokea kila mmoja hakipigiwi kura. Chukulia mgawo huu: 3, 3 na 2 kwa Nguvu, 6, 5 na 3 kwa Akili, 5, 5 na 1 kwa Busara, 4, 2 na 1 kwa Siha, 6, 4 na 1 kwa Wepesi, 6, 4 na 2 kwa Haiba. Yaani 8, 14, 11, 7, 11 na 12. Ni mtu wa vitabu, mwenye ulimi mtamu, anayehema akipanda ngazi. Hakuna ambaye angemnunua hivyo, na hakuna sababu ya kumhurumia.

Mkali wa hesabu atasema jumla sawa si nguvu sawa, na atakuwa amesema kweli. 63 iliyosambazwa sawasawa haimsaidii mtu kama 63 yenye kilele kimoja, na kilele kikiangukia Haiba ilhali mchezaji anatamani upanga, karata zimemkosea. Kwa hiyo mruhusu abadilishe nafasi za alama mbili azitakazo, mara moja tu, baada ya mafungu yote kufunuliwa. Sura iliyoletwa na kura inabaki, na kilele kinakwenda kwenye kazi aipendayo. Pengo litakalosalia ni dogo kuliko lile la dadu, nalo linatokana na sura ya fungu, si na jumla yake. Na ikiwa meza inacheza toleo la siku hizi, ambamo wahusika hutarajiwa kuwa imara zaidi, ondoa ree zote tatu na uweke badala yake 3, 4 na 5 za pau. Zimetoka 3, zimeingia 12. Jumla sasa ni 72, sawasawa na lile fungu la mwaka 2014, na alama ya chini kabisa haiwezi kushuka zaidi ya 6. Mpe karata mchezaji mwenyewe azichanganye, maana hata katika jambo dogo kama hili mtu hulipokea fungu lake kwa moyo mweupe zaidi akiwa amelishika kwa mikono yake.