Fremu Mia Tano za Ukungu

Wimbo wa kwaya wa dakika nne una picha 6,000, kwa hesabu ya picha 25 kila sekunde. Fundi mmoja wa video hapa Makambako alikuwa amezimaliza karibu zote. Kilichomkwamisha ni kipande cha sekunde 20, fremu 500 tu. Humo wanakwaya waliorekodiwa ukumbini mbele ya kitambaa cha kijani walitakiwa waonekane wakitembea polepole katikati ya mashamba ya chai ya Njombe, ukungu ukishuka nyuma yao. Kila fremu ilichukua sekunde 40 kutoka. Ukizidisha unapata saa tano na nusu, kwa kipande ambacho mtazamaji atakipitisha huku akitafuta rimoti.

Programu anayoitumia ni Natron. Ni ya bure, na ilianzia INRIA, taasisi ya utafiti wa kompyuta ya Ufaransa. Jina lake limetoka kwenye Ziwa Natron letu, lile la magadi chini ya Ol Doinyo Lengai. Hilo halimpunguzii fundi hata sekunde moja, lakini nimeona si vibaya kulitaja. Ndani yake kazi inapangwa kwa visanduku viitwavyo nodi: kimoja kinasoma picha, kingine kinaondoa kijani, kingine kinatia ukungu, cha mwisho kinaandika matokeo kwenye diski. Mistari inaviunganisha, na picha inapita humo kutoka kisanduku hadi kisanduku.

Haandiki video moja kwa moja. Anaandika picha mojamoja zenye namba, kwaya_0001, kwaya_0002, na kuendelea. Sababu yake ni umeme. Faili la video likikatikiwa na umeme katikati linaweza lisifunguke kabisa, lakini picha zilizokwisha kuandikwa zinabaki. Umeme ukirudi anaangalia ukubwa wa faili la mwisho. Likiwa dogo kuliko wenzake, liliandikwa nusu: analifuta, anaanzia namba hiyohiyo.

Mafundi wa malori hapa mjini, kwenye njia panda ya Tunduma na Songea, hawashiki spana kabla ya kusikiliza injini ikiunguruma. Huyu naye hakubadilisha kitu. Alifunga programu nyingine zote, akafungua dirisha linaloonyesha kompyuta inavyofanya kazi, akaagiza fremu kumi tu, ya 101 hadi ya 110, kisha akakaa na daftari. Prosesa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Mstari wa diski ya nje yenye picha ulikuwa juu muda wote. Akaandika: sekunde 40, prosesa inasubiri.

Hilo neno "inasubiri" ndilo lililomwongoza. Wengi wetu hapo tungeilaumu kompyuta kuwa ni ndogo, tukaanza kuulizia bei ya nyingine.

Hatua ya pili ilikuwa kuchomoa mistari yote na kuunganisha kisanduku cha kusoma na cha kuandika moja kwa moja, bila kazi yoyote katikati. Fremu zilezile kumi zikaenda kwa wastani wa sekunde tisa. Kwa hiyo sekunde tisa kati ya arobaini zilikuwa zinaishia kwenye kubeba picha tu. Aliinama nyuma ya kompyuta, akafuata waya wa diski kwa kidole mpaka kwenye tundu lake. Lilikuwa tundu la USB 2.0, lenye mwendo ambao kwa kazi halisi hauvuki sana megabaiti 40 kwa sekunde. Hakuhamisha waya. Alinakili folda yote kwenye SSD ya ndani, akapima tena: sekunde nne. Zilizobaki ni za kufungua PNG zenyewe, yaani faili za picha hizo, kwa kuwa PNG hubanwa, na kuibanua ni kazi ya prosesa. Akarudisha mistari yote, akapima kazi nzima: 35.

Mwalimu wa kwaya aliingia wakati huo. Kijana akasimama.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Jumapili tutaona?"

"Jumapili mtaona, mwalimu. Ila leo usiniulize imefika wapi."

Mzee akacheka, akaketi, na hakuuliza.

Sasa ikaja sehemu iliyonivutia kuliko zote. Aliwasha takwimu za Natron zinazoonyesha kila nodi inakula muda kiasi gani, lakini hakuziamini peke yake. Alianza kuzima nodi kuanzia ya mwisho, moja baada ya nyingine, na kila akizima anapima fremu zilezile kumi. Hakuzima mbili kwa pamoja hata mara moja. "Nikizima mbili," alisema, "sitajua ni ipi iliyonidanganya." Daftari likajaa safu ya namba zilizoandikwa kwa peni ya bluu.

Ukungu ulikuwa mlaji wa kwanza. Ulitengenezwa kwa picha pana ya mawingu, pana kuliko fremu yenyewe kwa mbali, ikisogezwa taratibu kuelekea kulia na kufifishwa kwa pikseli 200. Programu ilikuwa inafifisha mawingu yote, hata yale ambayo hayataonekana kamwe. Akaweka nodi ya kukata kabla ya kufifisha. Kutoka 35 ikashuka hadi 22.

Mlaji wa pili alijificha zaidi. Ili wanakwaya watembee polepole, nodi ya mwendo ilikuwa inachanganya fremu mbili za jirani kutengeneza moja mpya. Maana yake kila fremu iliyotoka ilidai mbili kutoka kwenye nodi zilizotangulia, na kijani kikaondolewa mara mbili, kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa imejaa na hesabu ya fremu iliyotangulia imeshatupwa. Aliondoa kijani kwanza kwa mwendo wa asili, akaziandika picha hizo kwenye folda yake, kisha akazirudisha kama malighafi mpya na kuzipunguza mwendo. Kazi hiyo ilichukua muda wake, lakini mara moja tu. Kipimo: 13.

Mpaka hapo alikuwa anafanya kazi na picha za 4K kama zilivyotoka kwenye kamera. Nilimuuliza kwa nini hakuanza kwa kuzipunguza, maana kwaya yenyewe ilitaka video ya 1920 kwa 1080 tu. Akasema ukipunguza picha mapema, kila kitu kinakuwa chepesi na ugonjwa unajificha, halafu siku ukiletewa kazi ya 4K kweli unarudi nao mwanzo. Hesabu ziko upande wake. Natron hushughulikia kila rangi kwa biti 32, hivyo fremu moja ya 4K yenye rangi tatu na uwazi wake inashika karibu megabaiti 133 za RAM kila inapopita kwenye nodi. Ya 1080 inashika 33. Alipopunguza, akapunguza pia ufifishaji kutoka 200 hadi 100, la sivyo ukungu ungekuwa mzito maradufu. Fremu ikatoka kwa sekunde nne.

Dakika 33 kwa kipande chote, badala ya saa tano na nusu. Mtu mwingine angebonyeza kitufe akaenda kunywa chai. Yeye akafungua zile fremu kumi za mwanzo alizokuwa amezitunza, akazipandisha juu ya fremu alizozitoa mara tu baada ya kukata mawingu, kwa nodi inayotoa tofauti ya picha mbili. Zikilingana, kioo kinakuwa cheusi. Kilikuwa cheusi. Akaongeza mwanga mara hamsini, na pembeni kabisa, upande wa kushoto, ukajitokeza mstari mwembamba wa kijivu. Alikuwa amekata mawingu sawasawa na ukingo wa fremu, wakati kufifisha kunahitaji pikseli za nje ya ukingo ili kupata rangi ya kuchanganya. Akarudi kwenye ile nodi ya kukata, akaacha nafasi ya ziada kila upande, akapima tena. Muda haukubadilika. Cheusi kikawa cheusi kweli.

Hakuna muumini yeyote ambaye angeuona mstari ule Jumapili.

Kwaya zenye mpango wa kurekodi msimu huu ziende kwa fundi wao kabla mpiga picha hajawasha kamera, zimuulize anataka picha za ukubwa gani na azipokee kwenye diski gani. Ni mazungumzo ya dakika tano. Na anapotaja bei yake, zisimpunguzie kwa kuwa kipande ni kifupi.