Jeshi la Napoleon kwenye utepe wa Minard

Mchoro wa Charles Joseph Minard kuhusu vita vya Napoleon nchini Urusi mwaka 1812 ulitolewa Novemba 1869, wakati mchoraji, mhandisi mstaafu wa barabara na madaraja wa Ufaransa, alikuwa na miaka 88. Hauna farasi wala mizinga. Jeshi ni utepe uliolazwa juu ya ramani, na upana wake ndio idadi ya watu: milimita 1 kwa kila askari 10,000. Kwenye Mto Niemen, mpakani, utepe una zaidi ya milimita 42, yaani watu 422,000. Moscow wanafika 100,000. Utepe mweusi wa kurudi unaishia Niemen ukiwa na milimita 1 tu. Tarakimu zimeandikwa pia, kwa atakaye kuhakikisha.

Mchoro husomeka upesi kwa sababu mengi yameachwa: mito ni michache, miji ni michache, na jeshi la Urusi halionekani kabisa. Vikosi vya makamanda wa Napoleon, Davout na Jérôme, vilivyotengwa huko Minsk na Mogilev kisha vikajiunga tena na wenzao, vimechorwa kana kwamba viliandamana na jeshi muda wote. Vinginevyo utepe ungekonda na kunenepa, na waliotumwa kwingine wangehesabiwa kuwa wafu. Hilo Minard alilieleza waziwazi kwenye karatasi ileile, jambo ambalo wachoraji wengi wa takwimu hawajisumbui kulifanya.

Chini kuna mstari wa baridi, kwa kipimo cha Réaumur, uliofungwa kwenye njia ya kurudi kwa nyuzi nyembamba. Tarehe 6 Desemba unashuka hadi 30 chini ya sifuri, sawa na 37.5 chini ya sifuri kwa Selsiasi.

Udhaifu wa mchoro uko hapo. Baridi imepimwa kwa safari ya kurudi peke yake, kwa hiyo jicho huitupia theluji lawama zote. Ni kweli kwamba kwenye kivuko cha Mto Berezina 50,000 wanakuwa 28,000. Lakini zaidi ya 300,000 walikuwa wamepungua kabla ya Moscow, wengi wao wakati wa kiangazi: baadhi walipelekwa kulinda ubavu wa kaskazini, wengine waliondolewa na njaa, maradhi, utoro na mapigano. Utepe hautenganishi njaa, maradhi, utoro na mapigano. Mstari wa joto la Julai na Agosti, ukichorwa chini ya safari ya kwenda, ungeonyesha kwamba sehemu kubwa ya upungufu ilitokea kabla ya barafu.