Uhakiki wa Istilahi "Usugu" katika Maelezo ya Kijenetiki ya Saratani Isiyosikia Dawa: Mfano wa Musoma, Bunda na Butiama

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu saratani, hali ya seli kutouawa na tibakemikali huitwa usugu wa dawa. Istilahi hii haikubuniwa kwa ajili ya saratani. Ilizoeleka katika elimu ya malaria na kifua kikuu, hususan baada ya Tanzania kuiondoa klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Kwa sababu hiyo inabeba fundisho lake la awali: asiyemaliza dozi huzalisha usugu. Uhakiki huu unashikilia kwamba fundisho hilo, likihamishiwa katika saratani, humtwika mgonjwa lawama isiyo yake.

Sugu, kwa maana ya msingi, ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa mara kwa mara. Kiganja cha mvuvi wa Musoma kina sugu ya kamba. Cha mkulima wa pamba wa Bunda kina sugu ya mpini wa jembe. Hakuna azaliwaye nayo. Picha inayojengwa, basi, ni ya seli iliyokuwa laini, ikaguswa na dawa, ikakakamaa. Kusema kwamba uvimbe "umeizoea dawa" ni kuifuata picha hiyo kwa uaminifu, na ndipo kosa lilipo.

Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walionesha kwamba mabadiliko ya jeni yanayowakinga bakteria dhidi ya virusi hutokea kabla bakteria hao hawajakutana na virusi hivyo. Mwaka 1979 James Goldie na Andrew Coldman walilipeleka wazo hilo kwenye saratani: kadiri seli za uvimbe zinavyokuwa nyingi, ndivyo uwezekano wa kuwamo seli kinzani kabla ya dawa ya kwanza unavyoongezeka. Dawa huua nyingine na kuziachia hizo nafasi. Njia zenyewe ni mbalimbali. Jeni ya ABCB1 hutoa maelekezo ya protini inayosukuma vinkristini nje ya seli. Jeni ya TP53 ikiharibika, seli iliyojeruhiwa na dawa haipati amri ya kujiua.

Mkoa wa Mara una sababu ya pekee ya kulijali suala hili. Saratani ya Burkitt, iliyoelezwa na Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, ilichunguzwa kwa miaka mingi North Mara, ikiwamo Shirati. Aghalabu huvimbisha taya la mtoto na hukua kwa kasi kubwa; siklofosfamidi huweza kuunywesha uvimbe katika siku chache. Kasoro za TP53 hupatikana mara nyingi katika saratani hii. Uvimbe ukirudi, mzazi aliyeelezwa habari za usugu hulitafuta kosa nyumbani kwake: nauli iliyokosekana, safari ya Bugando, Mwanza, iliyoahirishwa.

Hata hivyo, sitiari ya sugu haistahili kutupwa yote. Mwaka 1978 Robert Schimke na wenzake walionesha kwamba seli zinazopewa methotrekseti kwa dozi inayopandishwa hatua kwa hatua huwa na nakala nyingi za jeni ya kimeng'enya kinacholengwa na dawa hiyo. Hapo tabaka juu ya tabaka la sugu huonekana kweli, ingawa hata hapo hakuna seli iliyojifunza. Zimesalia zile zilizopata nakala za ziada.

Mfano ufaao zaidi uko shambani. Batobato ikivamia mihogo ya Butiama, shina linalosimama halikufundishwa na ugonjwa. Lilipandwa likiwa hivyo. Ukinzani, neno ambalo kilimo kinalitumia tayari kwa mbegu za namna hiyo, hueleza jambo hili vyema kuliko usugu, japo masikioni mwa wengi bado ni geni. Wala halimwondolei mhudumu wajibu wa kusisitiza mizunguko ya dawa, kwa kuwa kila pengo huzipa seli zilizosalia muda wa kuongezeka. Kinachobadilika ni maelezo ya chanzo: mzazi aliyekosa mzunguko mmoja ataambiwa arudi upesi, bila kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyeziumba seli hizo.