Mkulima wa Schumann hakimbii

Bandugu, leo siandiki juu ya mbegu wala juu ya wapi wanatafuta wafanyakazi. Naandika juu ya ukurasa mmoja wa muziki ambao nimeshindana nao miezi nane sasa. Wengi wanaujua kwa jina la Kifaransa, Le Gai Laboureur. Ni wa Robert Schumann, Mjerumani, namba 10 katika kitabu cha vipande 43 alichowaandikia watoto mwaka 1848. Aliyewahi kufungua kitabu cha piano cha wanaoanza hakosi kukutana nacho. Mwalimu anakupa, unakipiga mbio mbele ya wazazi, wanapiga makofi, imeisha. Na mimi nilikipiga hivyo. Sasa nasema tunakipiga vibaya karibu sisi wote, na kosa linaanzia kwenye jina.

Kwanza nijieleze, juu najua kuko mtu atauliza agronomu anatafuta nini kwenye piano. Nilianza kanisani, kama wengi wetu hapa Bukavu. Kwenye sinte ya kwaya hakuna karatasi ya noti. Unasikia, unafuata. Mkono wa kushoto unakanyaga besi, wa kulia unashika akordi, mashine inapiga ngoma, na mwimbaji akipandisha sauti unabonyeza kitufe cha transpoze: vidole vinabaki kwenye do yako ya kila siku, kinanda chenyewe kinahama. Miaka sita nilipiga hivyo bila kujua hata fa majeri inakaa namna gani chini ya vidole. Si shule mbaya, sikio langu lilitoka kule. Lakini ilinifanya niamini kwamba mkono wa kushoto ni mtumishi. Habari ya kuimba ni ya wengine. Kusoma noti nilianza nikiwa na miaka 26, lisansi iko mfukoni, kazi haiko, siku ni ndefu.

Sasa angalia Schumann anafanya nini. Wimbo anaupa mkono wa kushoto. Wimbo wenyewe, ule utakaotoka nao nje ukiupiga mluzi, uko chini, kwenye sauti ya mwanaume, unapanda kutoka kwenye besi na kuteremka tena bila haraka. Mkono wa kulia, ule wenye nguvu, ule tumezoea kuuonyesha kwa watu, unapewa akordi ndogo ndogo zinazojibu baada ya pigo, na kazi yake kubwa ni kutosumbua. Kisha, mbele kidogo, mkono wa kulia nao unaingia kwenye wimbo ule ule, juu, na mikono miwili inaimba pamoja. Ni vile tu. Bemoli ni moja, ya si. Kwenye karatasi mtoto anakiweza.

Chini ya vidole ni jambo lingine. Wiki za kwanza mkono wangu wa kulia ulikuwa unafunika kila kitu, kama yule ndugu kwenye mkutano ambaye hana la kusema lakini anasema. Nilifikiri ni mimi. Kumbe nusu ya kosa ilikuwa ya kinanda. Kile cha kwanza nilichonunua, cha vibao 61, hakikujua tofauti ya kugusa na kupiga. Ubonyeze pole, ubonyeze kwa hasira, sauti ni ile ile. Kwa nyimbo za kanisa haidhuru sana, mashine inafunika. Kwa kipande hiki ni msiba, juu uzuri wake wote uko hapo: cha chini kisikike kuliko cha juu. Wenye wanataka kununua, mbele ya kutoa pesa bonyeza kibao kimoja pole, kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, acha, hata kama kiko na taa nyingi na ngoma mia mbili.

Mwishowe nilipata ruhusa ya kukipiga kwenye piano ya mbao, ya zamani, katika ukumbi wa parokia moja. Unyevu umeiharibu, vibao vingine vinashuka havirudi. Lakini ndani kuko nyundo zinazopiga nyaya kwelikweli, na uzito wa kidole chako unafika mpaka kule. Siku hiyo njo nilisikia mkono wangu wa kushoto ukiimba kwa mara ya kwanza. Nilisimama katikati ya mstari.

Na bado nilikuwa nakimbia. Aliyenirudisha ni mama. Mama yangu analima, shamba lake liko upande wa Kabare, na lisansi yangu imetoka humo. Jioni moja alifika, akaketi, akanisikiliza nikikipiga mara tatu.

"Papa, hiyo wimbo ni ya nani?"

"Mama, ni ya mulimaji. Iko na furaha."

Akasikiliza tena.

"Mulimaji? Na anakimbia hivyo, banamufukuza?"

Nikacheka, lakini usiku nikaenda kutafuta jina la kipande katika Kijerumani, na hapo nikakuta kitu ambacho Kifaransa kilituficha. Schumann aliandika: Fröhlicher Landmann, von der Arbeit zurückkehrend. Maana yake ni mtu wa shamba mwenye furaha, akirudi kutoka kazini. Akirudi! Jina la Kifaransa limekata nusu hiyo, na juu ya hapo neno laboureur linamweka mtu nyuma ya jembe la kukokotwa, katikati ya kazi. Kwa hiyo sisi wenye tumesoma kwa Kifaransa tunamlimisha mtu ambaye mwenye kitabu amekwisha kumtoa shambani. Tunapiga kazi, yeye aliandika njia ya nyumbani.

Mtu atanijibu kwamba juu ya mstari wa kwanza Schumann mwenyewe anaagiza kipigwe kwa uchangamfu. Ndiyo, ameagiza. Lakini uchangamfu na mbio ni vitu viwili. Bamama wakiteremka kutoka shambani siku ya Jumamosi, kesho hakuna kulima, wanachangamka sana, unasikia kicheko chao mbele ya kuwaona. Na hakuna anayekimbia. Kila mmoja iko na kitunga cha viazi mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Mwendo wao ni wa mguu uliochoka na moyo usiochoka. Huo njo mwendo ninaoutafuta, na kwenye metronomu nimeshuka mara nne mbele ya kuukaribia. Kwenye simu nimesikiliza wengi, watoto na wakubwa, wanaokipiga kama mtu anayekimbilia basi. Vidole vyao ni vizuri kuliko vyangu, hiyo sikatai.

Sasa niache kumtetea Schumann, juu nina ugomvi naye pia. Huyu mkulima wa furaha ametoka wapi katika mwaka 1848? Tuliosoma magonjwa ya mimea tunajua tarehe hizo. Mildiu ya viazi, Phytophthora infestans, iliingia Ulaya mwaka 1845. Ilionekana kwanza Ubelgiji, na kabla ya mwaka kuisha ilikuwa imefika Ujerumani na Ireland. Miaka miwili iliyofuata Wajerumani walilala njaa. Aprili 1847 watu wa Berlin walivamia masoko juu ya bei ya viazi. Mwaka 1848 wenyewe ni mwaka wa mapinduzi. Na katika mwaka huo, mjini Dresden, bwana mmoja aliyeoa Clara, mpiga piano mkubwa wa wakati ule, anamwandalia binti yake Marie zawadi ya kutimiza miaka saba, kitabu kinakua kutoka zawadi hiyo, na ndani yake anamweka mkulima ambaye hana deni, hana jani lenye madoa, hana mnunuzi aliyeshusha bei. Ni mkulima wa kitabu cha picha. Kwa memwari yangu nilihesabu madoa ya mildiu kwenye majani, shamba kwa shamba. Nimeona sura ya mtu anayerudi kutoka shamba lililoungua kwa ugonjwa huo. Hapigi mluzi.

Tofauti utaisikia ukimfungua Béla Bartók. Yule Mhungaria alikwenda vijijini mwenyewe na mashine ya kunasa sauti, akawaomba wakulima waimbe, na kati ya 1908 na 1909 akatengeneza vipande 85 vya watoto kutokana na nyimbo za Wahungaria na Waslovakia. Humo utakuta furaha, utakuta na huzuni, na midundo isiyokaa vizuri kwenye kiti cha sebuleni. Bartók aliwapa wakulima nafasi ya kusema. Schumann aliwaona kwa dirisha. Mtu akiniambia nichague kitabu kimoja cha kumfundisha mtoto wa kijijini, nachagua cha Bartók bila kufikiri mara mbili.

Hata hivyo ukurasa wa Schumann siutupi, na sababu si jina lake wala picha yake, ni mpango wake wa mikono. Angeweza kuweka wimbo juu, mahali unapowekwa siku zote, na mkulima angekuwa pambo. Ameuweka chini. Mwenye sauti nzito, mwenye kubeba, njo anaimba, na yule wa juu anajifunza kumsikiliza kabla ya kuimba naye. Hiyo ni mimi nasema, si yeye. Lakini vidole vinakuambia hivyo kila siku, na vidole havijui siasa. Kumbuka pia kwamba Schumann alitaka kuwa mpiga piano mwenyewe, na mkono wake wa kulia ukaharibika akiwa bado kijana, ndoto ikaishia hapo. Sisemi kwamba njo sababu ya kipande hiki. Nasema tu kwamba nikiwa pale nauzuia mkono wangu wa kulia, nalikumbuka jambo hilo.

Rafiki wa promosyo yetu aliniuliza piano inaniletea nini. Pesa hapana. Konseri hapana, sitafika huko, na sijifichi. Ila ukurasa huu ni kazi ya kwanza tangu nimemaliza masomo ambayo haikuniomba ekspeyansi ya miaka mitano. Iliniomba nusu saa kila siku, umeme ukiwepo, na umeme ukikosa nilisoma noti kwa tochi ya simu nikipiga vidole juu ya meza. Schumann mwenyewe aliwashauri vijana afadhali wapige vizuri kitu chepesi kuliko kuhangaika na kigumu. Nilipokuwa kanisani ningecheka shauri hilo. Sasa naona hakuna chepesi. Kuko kile ambacho hujakisikiliza bado.

Juzi nilikipiga tena nyumbani, kwenye kinanda cha kuazima kinachojua kugusa. Pole kuliko siku zote. Mama alikuwa anachambua maharagi kwenye ungo, hakuinua kichwa. Nilifika pale mkono wa kulia unapoingia kwenye wimbo, na hapo vidole vyake vikasimama.

"Na huyu wa pili," akauliza, "anatokea wapi?"