Utapiamlo si Njaa: Kasoro Moja katika Tafsiri Zetu

Mwanafunzi mmoja kutoka Butare (ile ya Rusizi, si ya Huye) alituuliza darasani: mtu aliyeshiba wali anawezaje kupata utapiamlo? Ni swali la haki kwa mtu aliyetoka wilaya yenye mashamba ya mpunga ya Bugarama. Tena linafichua kasoro inayojirudia katika mazoezi yetu ya tafsiri.

Tunapotafsiri kifungu cha 26 cha Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, unaohusu mateka wa vita, wengi wetu huandika kwamba mateka "wapewe chakula cha kutosha", basi. Kifungu chenyewe kinadai mambo matatu: kiasi, ubora na aina mbalimbali, ili mateka wasipungue uzito wala wasiugue kwa kukosa virutubishi. Mkataba wa 1929 ulikuwa umepima mgao wa mateka kwa mgao wa askari wa nchi iliyowateka. Ule wa 1949 uliweka badala yake kipimo cha afya ya mateka mwenyewe. "Kutosha" hubeba kiasi tu.

Hayo tunayoyaacha ndiyo yaliyoua watu. Singapore ilipoanguka mwaka 1942, mateka wa Wajapani walilishwa hasa wali mweupe. Baada ya majuma machache beriberi ikazuka, kwa kuwa vitamini B1 imo katika ganda la ndani la punje, nalo huondoka mpunga ukikobolewa sana. Nchini Malawi, mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji hawakuwa mateka, lakini nao walitegemea mgao. Karanga zilipokosekana, zaidi ya watu 18,000 waliugua pelagra, na mahindi yakiwapo.

Kwa maoni yetu, neno utapiamlo lenyewe halina kosa. Ndani yake mna mlo, si njaa. Kosa ni letu tunaolifanya kisawe cha njaa, ilhali Kiswahili kina kiseyeye kwa upungufu wa vitamini C na matege kwa upungufu wa vitamini D.

Tunapendekeza tuandike: "chakula cha kutosha, chenye ubora na cha aina mbalimbali". Ng'ambo ya mto Rusizi ni Kongo, ambako askari na raia hutumia Kiswahili. Mkuu wa kambi akisoma "cha kutosha", atahesabu magunia ya unga na kuridhika.