Sekunde 28 za Mtaa wa Aggrey

Ile video ya kupambanisha laptopu mbili za mtumba, iliyorekodiwa dukani Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, mmeshaiona, kwa hiyo sirudii kusema nani alitangazwa mshindi. Nasema tu kwamba ushindi ule hauna msingi, na aliyeuharibu ni mpimaji mwenyewe, kwa kubofya mara moja.

Turudi pale. Mashine zote mbili zina prosesa ileile, Core i5-8350U, moja kwenye bodi nyembamba, nyingine kwenye bodi nene. Mpimaji anafungua Cinebench R15, programu ya kupimia prosesa, anabofya, vigae vya picha vinajaa, alama inatokea hata dakika haijatimia. Anaiandika. Anahamia ya pili, anafanya vilevile, anaandika. Kisha anafunga programu na kutoa hukumu. Nimeirudia sehemu hiyo mara sita nikidhani labda mzunguko wa pili ulikatwa wakati wa kuhariri. Haukukatwa. Anasema mwenyewe kwamba mara moja inatosha.

Haitoshi, na sababu iko ndani ya prosesa. Imeandikiwa wati 15 na gigahezi 1.7. Turbo Boost huipandisha hadi 3.6, na watengenezaji wengi huiachia ivute umeme kupita wati 15 kwa muda mfupi; muda uliozoeleka ni sekunde 28. Baada ya hapo inateremka mpaka pale ambapo bomba la shaba na feni vinaweza kuistahimili, na hapo ndipo bodi nyembamba na bodi nene huachana njia. R15 ni programu ya mwaka 2013. Kwa prosesa ya namna hii, sehemu kubwa ya kipimo chake inaangukia ndani ya zile sekunde 28. Alichokiona mpimaji ni prosesa moja ikifanana na nafsi yake, na tofauti ndogo aliyoitangaza ingeweza kugeuka kama angeanza na mashine ya pili.

Sisi wa Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Mpagazi hasifiwi kwa kuinua gunia. Anasifiwa likifika.

Maxon, wenye Cinebench, walishaliona tatizo hili. R23 ya mwaka 2020 ikifunguliwa tu imepangwa kuzunguka dakika 10, na kuipakua ni bure.

Kwa Dar es Salaam kosa linakuwa kubwa zaidi. Ukomo wa joto wa prosesa hii ni nyuzi 100. Kwenye chumba cha nyuzi 22 ina nyuzi 78 za kuchezea. Kwenye chumba cha ghorofani Aggrey, mwezi Februari, nyuzi 32 na feni ya ukutani inayosukuma hewa ya moto, zimebaki 68. Weka juu yake vumbi la Msimbazi lililoganda kwenye mapezi ya shaba na pesti iliyokauka toka mashine ilipotoka kiwandani. Hiyo ndiyo mashine anayoinunua mtu.

Kuhakikisha zote ziko kwenye chaja, na Windows ya toleo moja, mpimaji alifanya vizuri.

Lakini kwenye maelezo yake amerudisha pia ule wimbo wa kwamba i7 lazima iwe bora kuliko i5, na hapa sinyamazi ng'o. Core i7-7600U ina viini viwili. Core i5-8250U, ya mwaka uleule wa 2017, ina vinne. Niliwahi kulipa zaidi kwa ajili ya kibandiko cha i7, na hadi leo naona watu wanapanga foleni kukinunua.

Wazee wa kazi hii walikuwa na nidhamu nyingine. Curnow na Wichmann kule Uingereza, kabla ya kuunda kipimo cha Whetstone mwaka 1972, walitegemea takwimu za mamia ya programu ambazo watu walikuwa wanaziendesha kweli. Kwanza kazi ya mtu, kipimo baadaye. SPEC, shirika la vipimo vya kompyuta lililoanzishwa 1988, katika kipimo chao cha CPU2017 wanataka uendeshe mara tatu na kuchukua alama ya kati, au mara mbili na kuchukua iliyo chini. Na fundi aliyenifundisha mimi, Mtaa wa Likoma, hakuwahi kuhukumu mashine ya baridi. Aliiwasha, akaipa kazi nzito, akaenda kuswali adhuhuri, akala, akarudi. ThinkPad T430 ya wati 35, yenye prosesa ya kuchomoka, aliipenda kwa sababu aliikuta pale alipoiacha. Alama zake leo ni ndogo. Lakini zilikuwa za kweli.

Tangu video itoke, wateja wanakuja na ile namba kwenye simu, wengine wamenunua tayari kwenda kuuza Lubumbashi na Lusaka. Wengi wa wapiga video za harusi wananunua hapahapa. Send-off moja inaweza kurenda dakika 90, yaani sekunde 5,400, na zile 28 zinaisha mtu hajamaliza hata kuvuta kiti.

Mashine zenyewe bado zipo kabatini dukani pale. Naomba zirudishwe mezani: R23, dakika 10, mara tatu kila moja, saa nane mchana, mlango ukiwa wazi, na ubaoni iandikwe ile namba iliyo chini.